Pima Mguu Kabla ya Kununua Kiatu: Jinsi ya Kuchagua Kifaa cha Kuandikia Chipu

Mimi ni mwanachama wa Chama chetu cha Kiswahili, na pia ni mweka hazina wa Chama cha Sayansi. Najua wengi wenu mkifika hapo mtaanza kucheka. Si muhula uliopita tu mlikuwa mkiniita Mweka Hasara? Basi chekeni mshibe, lakini someni hadi mwisho. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mimi nilipata hasara kwa sababu sikuuliza. Nia yangu leo ni kuwaeleza yale niliyojifunza ili mwingine asije akatumbukia shimo lile lile.

Mnaikumbuka kengele yetu ya umeme. Kwenye ukuta wa ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu pana sanduku la bati lililotengenezwa na msaidizi wa maabara wa zamani, ambaye sasa ni marehemu, Mungu amlaze pema. Sanduku hilo lilikuwa likipiga kengele lenyewe kwa miaka mingi, tangu ile ya kuamka hadi ile ya kulala. Mwaka huu ratiba ilibadilishwa. Vipindi vikasogezwa, lakini sanduku halikuwa na habari. Likawa linalia katikati ya somo, na wakati wa mapumziko linanyamaza kama maji ya mtungini. Siku moja likalia dakika 10 kabla ya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne kumalizika. Baadhi ya watahiniwa wakaweka kalamu chini. Mnajua kilichofuata. Naibu aliamuru waya ukatwe, na vijana wa kidato cha kwanza wakarudishiwa kazi ya kugonga ringi ya gari kwa nondo.

Sanduku lilikuwa litupwe stoo. Chama cha Sayansi kikamwendea naibu na kumwomba atupe nafasi tulirekebishe. Alitutazama, akasema, "Haya, nawapa mpaka siku ya kufunga shule. Baada ya hapo, sitaki kuliona." Tukachanga shilingi mia mia. Wanachama walikuwa 31, kwa hiyo nikawekewa Sh 3,100 mkononi. Wengine walitoa pesa zao za matumizi za muhula mzima.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Mtu mmoja chamani alisema ratiba ya kengele imo ndani ya chipu, na kwamba tunahitaji kifaa cha kuiandika upya. Kifaa hicho mafundi wa mjini hukiita programa. Likizo fupi ilipofika, nikashika njia hadi Nairobi, barabara ya Luthuli, ambako vifaa vya elektroniki vimejaa madukani kama mahindi ghalani. Nikaingia katika duka la kwanza. Nikasema nataka programa ya EPROM. Kijana wa kaunta akanitolea kibao cheusi chenye soketi ya kijani na kiwiko kidogo cha kubania. "Dada, hii inaandika EEPROM zote, usijali," akasema. Nikalipa Sh 850. Nilirudi shuleni nikitembea kwa madaha.

Lo! Tulipofungua sanduku, tukakuta chipu yetu ina miguu 28. Soketi ya kibao changu ilikuwa na matundu 16. Hata kuiingiza haikuingia. Chumba kizima kikanyamaza, kisha mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Huyu si mweka hazina, huyu ni mweka hasara." Jina likanishika tangu siku hiyo. Nilimpigia yule kijana wa duka simu, akanijibu kwamba mali ikishauzwa hairudi. Sikuwa na la kumjibu, maana yeye aliniambia EEPROM, na mimi niliulizia EPROM. Herufi moja tu, lakini ndiyo iliyonila pesa.

Mlezi wetu hakunigombeza. Alitukalisha maabara akasema, "Kwani ukienda kumnunulia mdogo wako kiatu, huendi na kipimo cha mguu wake? Mmetoka kununua kiatu na mguu hamjauona." Tangu hapo tukaanza upya, na hivi ndivyo ninavyotaka kuwaeleza, hatua kwa hatua.

KWANZA, ISOME CHIPU YENYEWE

Chipu yoyote huandikwa jina mgongoni. Jina hilo ndilo kitambulisho chake. Yetu ilikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa juu. Mwenzangu alikuwa tayari ameanza kuibandua kwa ukucha ili tusome vizuri. Mlezi akampigia kelele, "Wacha!" Tulishtuka. Kumbe chini ya karatasi ile pana kidirisha cha kioo maalumu, na mwanga wa urujuanimno ukipenya hapo hufuta yaliyoandikwa. Ukiiacha chipu ya namna hiyo kwenye jua kali, juma moja hivi latosha kuifuta. Laiti angeibandua na kuisahau dirishani, kazi yote ya marehemu ingepotea, na hatukuwa na nakala. Tulilisoma jina ukingoni mwa karatasi: 27C128.

Chipu za kumbukumbu zina koo zake, kama watu walivyo na koo zao. Hebu niwatajie zile mtakazokutana nazo.

Ukoo wa 27 ndio EPROM. Aliyebuni EPROM ni Dov Frohman wa kampuni ya Intel mwaka 1971. Chipu hizi huandikwa kwa umeme wa volti kubwa kuliko ule wa kuzisomea, na zile za kidirisha hufutwa kwa taa ya urujuanimno, aghalabu kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Tarakimu za nyuma aghalabu huonyesha ukubwa kwa maelfu ya biti. Yetu ya 128 ina biti elfu 128 hivi, yaani baiti 16,384.

Ukoo wa 28 ni EEPROM ya miguu mingi. Ile E ya ziada ndiyo yenye maana kubwa, kwa sababu inatuambia kwamba kufuta nako hufanywa kwa umeme. Hakuna taa, hakuna kidirisha. 28C256 ina baiti 32,768.

Ukoo wa 24 ni EEPROM pia, lakini ni ndogo za miguu 8, zinazoongea kwa waya mbili tu. 24C02 ina baiti 256. Mara nyingi utazikuta katika runinga za zamani, zikiwa zimehifadhi stesheni na sauti.

Ukoo wa 25 nao una miguu 8, na wengi wao ni flashi. Flashi ilitokana na kazi ya Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, ambaye aliitangaza mwaka 1984. Programu inayoiamsha tarakilishi ukiiwasha aghalabu hukaa katika chipu ya ukoo huu.

Kibao changu cheusi kinaitwa CH341A. Kazi yake ni ukoo wa 24 na ukoo wa 25, basi. Yule kijana wa duka hakunidanganya kabisa. 24C02 ni EEPROM. Lakini "EEPROM zote" lilikuwa neno la biashara.

PILI, JUA KAMA NI KUMBUKUMBU TU AU NI MAIKROKONTROLA

Chipu ya kumbukumbu ni kama daftari: huandikwa na kusomwa. Maikrokontrola ni daftari pamoja na mwanafunzi anayelisoma na kutenda. Ndani yake mna kumbukumbu, mna akili ya kufuata amri, na mna milango ya kuwashia taa au kupokea swichi. Sanduku letu halikuwa na maikrokontrola hata moja, bali saketi za kuhesabu dakika. Lakini miradi mingi ya siku hizi ina maikrokontrola, kwa hiyo siwezi kuliruka jambo hili.

Kila ukoo wa maikrokontrola una lugha yake ya kuandikiwa. Chipu za PIC huandikwa kwa vifaa vya jamii ya PICkit. Chipu za AVR, mathalani ATmega328P, huandikwa kwa kifaa rahisi kama USBasp kupitia waya sita. Chipu za STM32 hutumia ST-Link, na hapo mawasiliano ni kwa waya mbili pamoja na ardhi na umeme. Ukinunua PICkit ukitarajia kuandika STM32, yatakukuta yaliyonikuta.

Isitoshe, chipu nyingine hazihitaji programa kabisa. Ubao wa Arduino Uno umetiwa programu ndogo ya kupokelea kazi kupitia waya wa USB. ESP32 nayo ina mlango kama huo ndani yake tangu kiwandani. Ndugu msomaji, kabla hujatoa hata shilingi, uliza kama chipu yako yaweza kuandikwa ikiwa palepale kwenye ubao wake. Ikiwa yaweza, huenda unachohitaji ni waya tu.

Kuna chipu za zamani ambazo ni ndugu lakini hazifanani tabia. AT89C51 hutolewa kwenye ubao na kuwekwa kwenye programa yenye soketi ya miguu 40. AT89S52 huweza kuandikwa kwa waya chache ikiwa kwenye ubao wake. C na S zimetofautiana kidogo machoni, lakini mfukoni tofauti yake ni kubwa.

TATU, ANGALIA VOLTI

Hapa ndipo wengi huunguza vitu. Kila programa ina kikomo cha volti inazoweza kutoa. 27C128 yetu ilihitaji takriban volti 12 na nusu hadi 13 ili iandikwe, kutegemea mtengenezaji. Chipu kongwe ya 2716 huhitaji volti 25. 2764 ya kwanza ya Intel ilitaka 21, lakini 2764A ikataka 12 na nusu. Ukiipa 2764A volti 21 kwa sababu hukuiona ile A, umeiua. Na programa nyingi za bei nafuu hazifiki volti 25, kwa hivyo mwenye chipu za kale lazima aulize jambo hili waziwazi.

Upande wa pili, kuna chipu zinazotaka umeme mdogo. Nyingi za ukoo wa 25 hufanya kazi kwa volti 3.3, na baadhi kwa volti 1.8 tu. Vibao vingi vyeusi vya CH341A kama changu vina ila moja inayojulikana sana: mguu wa umeme hutoa volti 3.3, lakini miguu ya mawasiliano hutoa volti 5. Chipu nyingine huvumilia, nyingine hufa. Nilipopima changu kwa mita, nikakuta ila hiyo ipo. Kwa chipu ya volti 1.8 sharti upate adapta ya kupunguza. Usisadiki maandishi ya kwenye pakiti, pima mwenyewe.

Volti kubwa pia ina faida ya uokoaji. Chipu za AVR zina mipangilio fulani ya ndani ambayo ukiikosea, mlango wa kawaida wa kuandikia hujifunga. USBasp haiwezi kuufungua tena. Programa yenye uwezo wa kupeleka volti 12 kwenye mguu wa kuanzisha upya huweza kuiokoa. Wanaojifunza hukosea, kwa hiyo si jambo la kupuuza.

NNE, TAZAMA SOKETI, PROGRAMU NA TARAKILISHI YAKO

Soketi ya kubania kwa kiwiko ni nzuri kwa sababu haivunji miguu ya chipu. Hesabu matundu yake. Kisha uliza kama chipu zako ni zile za miguu mirefu au zile bapa za kulehemiwa juu ya ubao, maana hizi bapa huhitaji adapta, na adapta huuzwa kando. Mtu hufurahia bei ya programa, kumbe adapta tatu zinazidi bei hiyo.

Halafu kuna programu ya kuiendesha. Nyingi huletwa kwa ajili ya Windows. Tarakilishi za maabara yetu zinatumia Linux, na hilo sikulifikiria hata chembe nilipokuwa Luthuli. Bahati yangu, CH341A huendeshwa na programu iitwayo flashrom. Programa kadhaa za XGecu, kama vile TL866II Plus, nazo huendeshwa na minipro, ambayo ni ya bure. Omba orodha ya chipu zinazokubaliwa, uitafute chipu yako kwa jina lake kamili. Muuzaji akikuambia "zote", mwambie akuonyeshe.

TANO, LINGANISHA BEI NA KAZI, WALA SI BEI NA TAMAA

Tulirudi kwenye hesabu zetu. Nilikuwa nimebakiwa na Sh 2,250. Mlezi akaniambia niandike ubaoni njia zote tulizo nazo mbele ya wanachama wote. Niliandika huku mkono unatetemeka, maana wengine walikuwa wameshapendekeza nivuliwe cheo.

Njia ya kwanza ilikuwa kununua programa ya jumla, ile yenye soketi kubwa inayokubali maelfu ya chipu. Tuliambiwa bei ni karibu Sh 9,500. Ni kifaa kizuri mno, lakini hatukuwa na pesa, na mlezi alikataa katakata tuwasumbue wazazi.

Njia ya pili ilikuwa kumpelekea fundi chipu atuandikie. Ni njia ya busara kwa mtu mwenye chipu moja ya kuandika mara moja. Kwetu sisi ratiba ya mitihani ni nyingine na ya kawaida ni nyingine. Kila mabadiliko yangekuwa safari.

Njia ya tatu ilikuwa kutengeneza programa yetu wenyewe. Tulikuwa na Arduino Uno moja iliyobaki kutoka maonyesho ya sayansi. Lakini Arduino haitoi volti 13, na taa ya kufutia hatukuwa nayo. Hapo tukakwama, hadi dada mmoja wa kidato cha pili, mpole asiyesema sana, akauliza, "Kwani ni lazima tuandike chipu ile ile? Si tungeweka nyingine inayofanana nayo?"

Wapenzi wasomaji, swali hilo ndilo lililotuokoa. Tulichukua karatasi za maelezo za 27C128 na 28C256, tukazilaza kando kwa kando, tukalinganisha mguu kwa mguu. Miguu 26 kati ya 28 inafanya kazi ile ile. Tofauti ni mguu wa 1 na wa 27. Katika 27C128, mguu wa 1 ni wa volti ya kuandikia na wa 27 ni wa amri ya kuandika. Katika 28C256, mguu wa 1 ni anwani ya juu kabisa na wa 27 ni amri ya kuandika pia. Tulipima sandukuni kwa mita: miguu yote miwili ilikuwa imefungwa kwenye volti 5. Maana yake, 28C256 ikikaa hapo haitaandikwa kwa bahati mbaya, na sanduku litasoma nusu yake ya juu. Basi tukiandika ratiba katika nusu zote mbili, hatuna wasiwasi. Na 28C256 huandikwa kwa volti 5 tu!

Hesabu ikawa hivi: chipu ya 28C256 moja Sh 900, chipu mbili za 74HC595 Sh 100, ubao wa majaribio Sh 250, waya Sh 150. Jumla Sh 1,400. Kila kitu nilikiandika daftarini na risiti nikazibandika, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari.

SITA, SOMA KWANZA, HIFADHI, NDIPO UANDIKE

Arduino Uno haina milango ya kutosha. 28C256 inataka waya 15 za anwani, 8 za data, na za amri juu yake. Ndiyo maana tulinunua zile 74HC595. Kila moja hupokea biti moja moja kwa waya mmoja na kuzitoa nane kwa pamoja. Mbili zikatupa waya 16: 15 za anwani na 1 ya amri ya kusoma. Arduino ikatumia milango 3 kuziendesha, 8 ya data na 1 ya amri ya kuandika. Jumla 12.

Kabla ya kuandika chochote, tuliisoma chipu ya marehemu kwa ubao huo huo, kwa kuwa kusoma hakuhitaji volti kubwa. Tukaisoma mara mbili na kulinganisha. Zikafanana. Tukahifadhi nakala mahali patatu.

Na hapo tukauona ujuzi wa yule mzee. Juma lina dakika 10,080, yaani siku 7 mara dakika 1,440. Alikuwa ameipa kila dakika baiti moja, kuanzia saa sita usiku wa kuamkia Jumatatu. Penye 00 kengele hunyamaza. Penye 01 kengele hulia. Kwa hivyo Jumatatu saa mbili asubuhi ni anwani ya 480, na Jumanne saa hiyo hiyo ni 1,920. Baiti 6,304 zilizobaki zilikuwa FF, yaani hazijaguswa. Hakuna tarakilishi, hakuna maikrokontrola. Ni daftari tu na kidole kinachoshuka mstari mmoja kila dakika. Nilinyamaza kidogo. Mtu huyu sikuwahi kumwona, lakini niliona kila asubuhi aliyotupangia.

Kisha tukaandika chipu mpya. Tukaisoma. FF, FF, FF mwanzo hadi mwisho! Nilihisi miguu inalegea. Chipu ilikuwa moja tu, na zilibaki siku tisa shule ifungwe. Jina la Mweka Hasara nikaliona linaandikwa kwa wino usiofutika. Tulirudi kwenye karatasi ya maelezo, tukasoma ukurasa tulioruka. Kumbe chipu hizi zina kufuli ya programu, na yetu ilikuja imefungwa. Hufunguliwa kwa kupeleka baiti 6 maalumu kwa mfuatano, na baiti zisiachane zaidi ya mikrosekunde 150. Arduino yetu, kwa jinsi tulivyoiandikia programu, ilikuwa ikijikokota. Ilitubidi kuandika upya sehemu hiyo ili iende mbio. Usiku wa tatu kufuli ikafunguka. Kila baiti huchukua hadi milisekunde 10 kuandikwa, kwa hivyo chipu nzima ilituchukua dakika tano na nusu hivi. Tukaisoma tena na kulinganisha baiti kwa baiti. Sawasawa.

Jumatatu ya mwisho ya muhula tulikuwa gwarideni. Naibu alikuwa akitoa matangazo. Saa mbili kamili ilipogonga, kengele ikalia. Naibu alitazama saa yake ya mkononi, akaitazama kengele, kisha akasema, "Haya, nendeni madarasani." Hakuongeza neno. Lakini vijana wa kidato cha kwanza walipiga makofi kuliko wote, maana walikuwa wamechoka na nondo.

SASA, WEWE UNUNUE IPI?

Sisemi kila mtu atengeneze yake. Ukiwa na kazi ya chipu za runinga na tarakilishi tu, CH341A yatosha, mradi uichunge volti. Ukiwa na ukoo mmoja wa maikrokontrola, nunua kifaa cha ukoo huo. Ni nafuu na hufanya kazi vizuri. Ukiwa na chipu moja ya kuandika mara moja, mtafute fundi. Chama au mwenye karakana anayepokea chipu za kila aina akusanye pesa pole pole anunue programa ya jumla, lakini akiwa na orodha ya chipu zake mkononi. Nayo programa ya kujitengenezea ina gharama isiyoandikwa kwenye risiti: sisi ilitula usiku tano za maandalio.

Na chipu ikiwa imefungwa na mwenyewe isisomwe, kama maikrokontrola nyingi zilivyo, usidanganywe kwamba programa ghali itaisoma. Utaweza kuifuta na kuandika upya tu, na kama huna programu yake ya asili, utabaki na chipu tupu.

Chipu ya marehemu hatukuifuta. Imo kwenye kisanduku cha kiberiti ndani ya kabati la maabara, na karatasi yake juu ya kidirisha. Kibao changu cheusi nacho kimo kabatini humo. Siku moja kitapata mguu wake.

Nilipofunga daftari la hesabu, nilikuta tumebakiwa na Sh 850. Ndizo pesa zile zile nilizozipoteza, kwa tarakimu. Niliomba radhi mbele ya chama nikajitolea kujiuzulu. Wakapiga kura. Mimi bado ni mweka hazina, ila sasa kuna kanuni mpya: hakuna ununuzi wowote kabla sanduku halijafunguliwa na jina la chipu kuandikwa ubaoni. Kanuni hiyo niliipendekeza mimi.

Kwaherini, tuonane katika toleo lijalo, Mungu akipenda.